Nyaya Tisa Chini ya Skrubu Moja

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja huko Mbezi, Dar es Salaam, ambako king'ora kilikuwa kikilia karibu kila mara umeme ulipokatika usiku. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaacha kuiwasha alamu. "Fundi, majirani wamenichoka," aliniambia. "Afadhali ikae tu ukutani kama pambo." Nikamwambia, "Nipe nusu saa mama, niione kwanza." Nikafungua boksi la paneli nyuma ya mlango wa stoo. Kwenye tundu lililoandikwa AUX+, lile linalolisha vifaa umeme, nikahesabu nyaya nyekundu tisa, zimesokotwa pamoja na kubanwa kwa skrubu moja. Nilipougusa msokoto ule kwa ncha ya bisibisi, nyaya mbili zikachomoka zenyewe.

Vihisi vilikuwa vizima, betri ilikuwa na nguvu, paneli haikuwa na kasoro. Ubovu wote ulikuwa pale kwenye skrubu. Umeme wa nyumba ukiwepo, paneli hutoa volti 13 hivi, na kiungo kibovu kinaweza kula volti moja au mbili bila mtu kujua. Umeme ukikatika, betri inashika zamu kwa volti 12 na kushuka, kiungo kinaendelea kula zake, na kihisi cha mbali kinabaki na njaa. Kihisi kikikosa umeme, rilei iliyo ndani yake huachia. Rilei ikiachia, paneli haina namna ya kutofautisha njaa na mwizi. Inapiga kelele.

Nikisema nyaya zipangwe, basi, maana yangu ni hii: mtu yeyote atakayefungua boksi hilo saa nane usiku, kwa tochi ya simu, aweze kufuata kila waya kwa kidole kutoka kwenye skrubu hadi kwenye kebo, na kujua kebo hiyo inakwenda chumba gani. Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayetaka kuongeza vifaa kwenye paneli iliyopo: kibodi ya pili chumbani, vihisi vya getini, kifaa cha moshi jikoni, moduli ya kupiga simu. Pia ni kwa ajili yako usiyeshika bisibisi lakini utasimama pembeni ya fundi na kutaka kujua kama kazi unayolipia ni kazi.

Neno moja kabla ya kufungua boksi. Upande wa umeme wa nyumba, yaani volti 230 zinazoingia kwenye transfoma, ni wa fundi umeme mwenye leseni; usiuguse kama hiyo si kazi yako. Kilichobaki ni volti 12 na hakitakuua, lakini kinaweza kuunguza paneli. Kama alamu yako imeunganishwa na kampuni ya ulinzi, wapigie waiweke kwenye hali ya majaribio, la sivyo gari lao litafika getini nawe uko juu ya ngazi. Zima umeme wa paneli kwanza, kisha chomoa waya mmoja wa betri na uufunge tepu kwenye ncha. Vua pete na saa ya chuma. Betri ya aina hii, ndogo unavyoiona, inaweza kuchoma pete ikawa nyekundu kidoleni.

Hesabu kabla ya waya

Kosa kubwa la wanaoongeza vifaa ni kudhani kwamba tundu likiwepo, umeme upo. Paneli za nyumbani zilizozoeleka hutoa kati ya miliampea 500 na 700 kwenye AUX, na kiwango hicho kimeandikwa kwenye kibandiko cha ndani ya mlango au kwenye kitabu chake. Kwa paneli nyingi, umeme wa kibodi hutoka kwenye chemchemi hiyohiyo, ingawa matundu yake yako mahali pengine. Kwa hiyo kibodi ihesabiwe pia.

Chukua karatasi uandike kila kifaa na miliampea zake, kama zilivyo kwenye kijitabu cha kifaa chenyewe. Tuseme una vihisi mwendo 6 vya miliampea 15 kila kimoja: 90. Kibodi 2 za miliampea 100: 200. Vihisi 2 vya nje vya getini, miliampea 40 kila kimoja: 80. Kifaa cha moshi kikiwa kimetulia, 10. Moduli ya simu ikiwa imetulia, 100. Jumla ni miliampea 480. Ikiwa paneli yako inatoa 700 uko salama, ikiwa inatoa 500 umekaa ukingoni, kwa sababu moduli ya simu ikianza kupiga hula zaidi, na kifaa cha moshi kikilia hula zaidi, na mambo hayo mawili hutokea kwa wakati mmoja, usiku uleule unaoihitaji alamu. Mimi hupendelea kuacha robo ya uwezo bila kuigusa.

Hesabu hiyohiyo inakueleza betri itadumu muda gani. Betri ya kawaida ni ya volti 12, ampea-saa 7. Ongeza miliampea 100 hivi zinazoliwa na paneli yenyewe, jumla inakuwa 580. Gawa 7 kwa 0.58, unapata saa 12. Hizo ni saa za karatasini. Betri ya miaka mitatu iliyokaa kwenye boksi la chuma kwenye joto la pwani haitafika hapo. Kama mtaani kwenu umeme hukatika jioni ukarudi asubuhi, saa hizo ni chache, na kila kifaa unachoongeza kinazipunguza. Usikimbilie kuweka betri mbili sambamba kabla hujasoma kama paneli yako ina nguvu ya kuzichaji zote.

Ikiwa hesabu imezidi uwezo wa paneli, dawa ni chaja nyingine ya volti 12 yenye betri yake, ilishe vifaa vya nje au kibodi. Hapa kuna jambo ambalo nimeona likiwazungusha mafundi siku nzima: hasi ya chaja mpya lazima iunganishwe na hasi ya paneli, ili vifaa na paneli viwe na sakafu moja ya kupimia volti. Chanya mbili zisikutane kamwe.

Kebo, na umbali unaokula umeme

Kebo ya alamu inayouzwa Kariakoo na kwingineko ni ile nyeupe yenye nyaya nne, sita au nane nyembamba ndani. Nunua ya nyaya sita hata pale ambapo nne zinatosha. Kihisi mwendo kinahitaji mbili za umeme, mbili za zoni, yaani mzunguko unaoipa paneli taarifa, na mbili za swichi inayogundua kifuniko kimefunguliwa. Waya wa akiba ndani ya kebo ni kitu cha thamani siku mmoja unapokatika ndani ya ukuta uliokwisha kupigwa rangi. Angalia pia kama nyaya ni za shaba kweli. Kwangua kidogo kwa kisu: nyeupe chini ya wekundu maana yake ni alumini iliyopakwa shaba, inayokatika ukiikunja mara chache na kupitisha umeme kwa shida. Irudishe dukani.

Waya wa shaba wa milimita mraba 0.22, ambao ndio ulio kwenye kebo nyingi hizi, una ukinzani wa karibu omu 0.08 kwa kila mita. Getini kukiwa mita 35, umeme unakwenda na kurudi, mita 70, karibu omu 5.6. Vihisi viwili vya getini vya jumla ya miliampea 80 vitapoteza chini ya nusu volti, na hilo halina neno. Lakini ukiweka huko vifaa vya miliampea 300, unapoteza volti 1.7, na betri ikiwa imeshuka hadi 11.5 vifaa hivyo vinapata chini ya 10. Vitalia ovyo au vitanyamaza, na vyote viwili ni vibaya. Kwenye safari ndefu, unganisha nyaya mbili za kebo kwa ajili ya chanya na mbili kwa ajili ya hasi, au tumia waya mnene zaidi.

Kwenye dari, panya hutafuna plastiki. Pitisha kebo kwenye paipu, na usiifunge pamoja na nyaya za taa na soketi. Acha nafasi ya sentimita 30 hivi kati yake na umeme wa nyumba zinapokwenda sambamba. Zikibidi kupishana, zipishane kama msalaba.

Kugawa umeme

Sasa tuje kwenye lile tundu la AUX. Lina chanya moja na hasi moja, na wewe una vifaa kumi. Mafundi wengi husokota nyaya kumi pamoja na kuzisukuma chini ya skrubu. Skrubu ile imetengenezwa kubana waya mmoja, pengine nyaya mbili. Ukizidisha, inabana zile za juu na za pembeni, za katikati zinaelea. Siku ya kwanza zote zinafanya kazi. Joto la mchana linatanua, usiku unasinyaza, hewa ya chumvi inaingia na shaba inaota kutu ya kijani, na baada ya miezi michache una nyumba kama ile ya Mbezi. Kibaya zaidi, huwezi kukichomoa kifaa kimoja ili ukipime bila kuvifungua vyote.

Weka kituo cha kugawia. Cha bei nafuu kabisa ni zile konekta nyeupe za plastiki zinazouzwa kwa ukanda wa matundu 12, unaokatwa kwa kisu. Chukua kanda mbili, mmoja wa chanya, mmoja wa hasi, uzifunge kwa skrubu kwenye kipande cha ubao au plastiki ndani ya boksi au kwenye boksi dogo la pembeni. Kwa upande mmoja wa ukanda, unganisha tundu na jirani yake kwa vipande vifupi vya waya, kama madaraja, kutoka la kwanza hadi la mwisho. Upande wa pili ndiko vifaa vinakoingia, kila kifaa kwenye tundu lake, waya mmoja kwa skrubu moja. Kisha waya mmoja mnene, wa milimita mraba 0.75 au 1, mwekundu, unatoka AUX+ hadi kwenye ukanda wa chanya; mwingine mweusi kutoka AUX− hadi ukanda wa hasi. Paneli sasa ina nyaya mbili tu kwenye AUX, na ukitazama unajua kila kitu.

Ongeza daraja moja ambalo wengi hawaliweki: rudisha waya kutoka tundu la mwisho la ukanda hadi la kwanza. Madaraja yanakuwa duara. Skrubu moja ya katikati ikilegea, vifaa vinavyofuata vinapata umeme kwa kupitia upande wa pili na havizimiki. Kazi ya dakika tano, na imeniepusha na safari nyingi za usiku.

Kilicho bora kuliko konekta ni bodi ya kugawia umeme yenye fyuzi kwa kila tawi. Ikiwa una kifaa chochote nje ya ukuta wa nyumba, nakusihi uinunue, au angalau weka fyuzi ya kioo kwenye kila waya wa chanya unaotoka nje. Sababu ni hii. Paneli hulinda tundu lake la AUX kwa kulizima lote mara umeme unapozidi. Maji ya mvua yakiingia kwenye kihisi cha getini na kuunganisha chanya na hasi, paneli inazima AUX, na vihisi vyote vya sebuleni, koridoni na jikoni vinakufa pamoja nacho. Mwizi anayejua hahitaji mvua. Anahitaji koleo na dakika moja kwenye kebo ya getini. Fyuzi ya miliampea 250 kwenye tawi la getini inakatika peke yake, na nyumba inabaki na macho. Kila kilicho nje kiwe na tawi lake na fyuzi yake. Sioni nafasi ya mjadala hapo.

Namna ya kuandaa ncha ya waya ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Menya milimita sita au saba tu, kwa koleo la kumenyea badala ya meno, kwa sababu nyuzi ndani ni saba na ukizikata mbili umepunguza waya wako. Sokota nyuzi kwa vidole, kisha ivishe ncha kofia ndogo ya chuma yenye shingo ya plastiki, ibane kwa koleo lake, ndipo uingize kwenye skrubu. Kama huna kofia hizo, kunja ncha mara mbili ili skrubu ipate cha kubana. Usiilehemu ncha inayokwenda chini ya skrubu. Najua wengi tulifundishwa kuilehemu, na inaonekana imara, lakini risasi ni laini: ikibanwa inaendelea kujisogeza polepole, na baada ya mwaka skrubu iliyokuwa imekaza imelegea yenyewe. Ukishakaza, vuta kila waya kwa vidole. Unaochomoka sasa ungechomoka usiku.

Kibodi nazo zinagawika kwa namna hiyohiyo. Kwa paneli za DSC na Paradox zina nyaya nne: nyekundu, nyeusi, njano na kijani. Tengeneza ukanda wa matundu manne, kibodi zote mbili ziishie hapo, na seti moja ya nyaya nne iende kwenye paneli. Shika rangi zako kwa uaminifu. Ukipishanisha njano na kijani kibodi itawaka taa lakini haitazungumza na paneli, na unaweza kuilaumu kibodi bure.

Zoni na rezista yake

Kwenye zoni kazi ni nyepesi, isipokuwa kitu kimoja: rezista. Paneli hupima ukinzani wa mzunguko wa kila zoni. DSC inatarajia omu 5,600, Paradox omu 1,000, Honeywell za Vista omu 2,000. Mlango ukifungwa paneli inaiona rezista; ukifunguliwa haioni kitu; nyaya zikikutana inaona sifuri, na inajua kwamba kuna mtu ameichezea kebo.

Rezista hiyo ikae mwisho wa kebo, ndani ya kihisi au kwenye swichi ya mlango. Nimefungua maboksi mengi ambayo rezista zote zimewekwa ndani ya paneli, kwa sababu ni rahisi. Rezista ya namna hiyo hailindi chochote. Mtu akiunganisha nyaya mbili popote kati ya paneli na mlango, paneli inaendelea kuiona rezista yake jirani na kuamini mlango umefungwa milele. Ukikuta nyumbani kwako ziko ndani ya boksi, zihamishe, hata kama itakuchukua Jumamosi nzima.

Madirisha matatu ya chumba kimoja yanaweza kuwa zoni moja: swichi zake zifuatane kama shanga, na rezista iwe kwenye ya mwisho. Vihisi mwendo vya vyumba viwili tofauti usiviweke pamoja. Usiku wa tukio utataka kujua mtu yuko wapi. Tundu la COM, yaani la pamoja, lililo kati ya zoni mbili limetengenezwa kupokea nyaya mbili, na hapo hakuna ubaya.

Milango ya chuma na magrili, ambayo nyumba zetu nyingi zinayo, ina tabia yake. Chuma hunyonya nguvu ya sumaku, kwa hiyo swichi ndogo ya mlango wa mbao itakusumbua. Nunua ile kubwa ya chuma inayotumika kwenye mageti na milango ya maduka, yenye uwezo wa kuruhusu pengo kubwa.

Vifaa vitatu vyenye masharti

Kifaa cha moshi cha nyaya nne kikisha kulia hakinyamazi hadi umeme wake ukatwe na kurudishwa. Kwa hiyo usikiunganishe kwenye kituo chako cha kugawia pamoja na vihisi vingine. Chukua umeme wake kutoka kwenye tundu la PGM ambalo paneli inaweza kulizima na kuliwasha. Kitabu cha paneli kinaonyesha lipi na namna ya kulipanga. Vikiwa zaidi ya kimoja, kebo ipite kutoka cha kwanza hadi cha pili hadi cha mwisho bila kuchepusha tawi katikati, na mwisho wa safari uwekwe rilei ndogo inayoangalia kama umeme umefika. Waya ukikatika popote, rilei inaachia na paneli inakuambia. Kwenye moto hakuna nafasi ya pili, kwa hiyo hapa usipunguze kitu.

King'ora kina matundu yake, BELL+ na BELL−, na hakipaswi kugusa AUX. Kinakula ampea moja au zaidi, hivyo waya mwembamba wa alamu haukifai. Kwa umbali wa mita 20, ampea moja kwenye waya wa 0.22 inapoteza volti 3.2 na king'ora kinalia kama kimepoa. Kwenye waya wa 0.75 haifiki hata volti moja. Tumia huo mnene. Kama kwa sasa huna king'ora, paneli nyingi zinataka rezista ya omu 1,000 kwenye matundu hayo ili zisikuandikie hitilafu.

Cha tatu ni fensi ya umeme. Mashine ya fensi ina rilei yake ya alamu. Nyaya mbili kutoka kwenye rilei hiyo ziingie kwenye zoni ya paneli, na hapo ndipo uhusiano wao unapokoma. Waya wa volti nyingi unaokwenda ukutani usipite kwenye paipu moja na kebo ya alamu wala usikaribie boksi la paneli.

Ndani ya boksi

Ukiwa umevigawa vifaa hivyo, kupanga boksi ni subira tu. Kebo zote ziingie upande mmoja, umeme wa transfoma uingie upande mwingine kwa tundu lake. Kebo ziteremke pembezoni mwa boksi na kukata kona kuelekea skrubu zake, zisikatize juu ya ubao wa paneli, maana siku ya kubadilisha ubao utalazimika kuzichomoa zote. Acha kila kebo na ziada ya sentimita 20 hadi 30, iliyokunjwa taratibu na kufungwa chini. Fundi anayekata waya sawasawa na skrubu anamwachia mwenzake wa kesho waya usiofika. Zifunge kwa kebo tai kila baada ya sentimita chache, bila kukaba hadi plastiki ikabonyea. Nyaya za akiba zisikatwe. Zizungushe kwenye shingo ya kebo na uzivishe tepu, kila mmoja peke yake.

Kila kebo iwe na jina pale inapoingia. Namba peke yake hazitoshi. Andika "Z3 dirisha jikoni", "Z5 kihisi koridoni", "Geti kushoto", kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye tepu ya karatasi, kisha funika kwa tepu angavu, kwa sababu jasho la pwani hufuta kila kitu. Andika kabla ya kukata kebo. Ukishakata, kebo nane nyeupe zote zinafanana kama mayai.

Mashimo yanayobaki yazibwe kwa silikoni, kwenye boksi na kwenye kila kihisi pale kebo inapoingilia. Sisimizi hupenda joto la ubao wa umeme na kujenga humo, na mjusi akipita juu ya kioo cha kihisi mwendo kwa ndani anaonekana mkubwa kama mtu. Nyumba nyingi zenye alamu "mbovu" zina mjusi tu.

Tundu la ethi kwenye paneli liunganishwe na ethi ya nyumba kwa waya mzuri. Paneli nyingi huja na ulinzi dhidi ya radi na umeme unaoruka, lakini ulinzi huo unahitaji mahali pa kuumwaga umeme huo, na bila ethi hauna pa kuumwaga.

Kabla ya kuwasha

Nyaya za zoni zikiwa bado hazijaingia kwenye paneli, shika mita uipange kupima omu. Pima kila zoni ya swichi mlango ukiwa umefungwa: usome namba ya rezista yako, au juu kidogo kwa sababu ya urefu wa kebo. Fungua mlango: mita isome mzunguko uliokatika. Ukisoma sifuri kuna nyaya zilizogusana, na ni afadhali kulijua hilo sasa. Kisha pima kati ya ukanda wa chanya na wa hasi, AUX ikiwa imechomolewa. Ukipata omu chache sana, chomoa matawi moja moja hadi umpate mkosaji. Hiki ndicho kipimo kinachookoa paneli.

Washa kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha paneli yako, ukihakikisha waya mwekundu wa betri umekwenda kwenye nguzo nyekundu. Paneli ikiwa kwenye umeme wa nyumba, badilisha mita ipime volti na uende kwenye kifaa cha mbali kuliko vyote. Soma volti hapo. Rudi, zima umeme wa nyumba, subiri nusu saa paneli ikiwa kwenye betri, kisha rudi usome tena. Zikiwa chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa hicho, waya ni mwembamba au kiungo kina kasoro, na hakuna maana ya kufunga boksi. Vihisi mwendo vipime kwa kupita mbele yake, kimoja kimoja, mtu mwingine akiwa kwenye kibodi akikutajia zoni anayoiona. Mtumie kijana wa nyumbani; atakuwa anaijua alamu kuliko baba yake ifikapo jioni.

Mwisho, chora karatasi moja. Zoni na chumba chake, rangi ipi imetumika kwa kazi ipi, kila tawi la umeme na fyuzi yake, jumla ya miliampea uliyoihesabu mwanzo, na nafasi iliyobaki. Iweke kwenye mfuko wa plastiki na uibandike upande wa ndani wa mlango wa boksi, upige picha na simu. Juu ya betri yenyewe andika mwezi na mwaka ulioiweka. Ile ya Mbezi niliiandika kwa kalamu nyekundu, na mama akanishikia tochi nikifunga skrubu za mlango.